Mpangaji wa Mto

Nyasi kavu zimenasa kwenye minyororo ya kikapu. Hazikuletwa na upepo. Zimesokotana na vijiti vya mtoni, uzi wa ndoano na kipande cha mfuko wa plastiki, na vyote vimepakwa tope la kijivu lililokauka hadi likapasuka. Kikapu chenyewe ni cha chuma, kimekaa juu ya mlingoti unaomfika mtu mzima kifuani, katikati ya uwanja mpana wa majani. Mto hauonekani kutoka hapo. Umejificha nyuma ya mstari wa miti, chini ya ukingo wake, umetulia kana kwamba hayo hayauhusu. Mgeni atajiuliza ni mtoto gani mtundu aliyekaa kitako kujaza takataka humo. Mwenyeji hajiulizi kitu. Anazichomoa kwa vidole, anazitupa pembeni, anarudi nyuma hatua kadhaa, anarusha kisahani chake, na minyororo inalia. Theluji ilipoyeyuka maji yalipita hapa, tena juu ya utosi wake. Sasa ni zamu yake kupita.

Uwanja huu uko Lincoln Drive, mjini Grand Forks, mji wa watu wasiofika 60,000 katika jimbo la North Dakota, Marekani. Ukivuka mto umeingia Minnesota. Mchezo ni gofu ya visahani. Kwa asiyeujua, achukue gofu, aiondolee mpira, fimbo, ada ya uanachama na wale mabwana wanaozungumza kwa kunong'ona, kisha aibakishie kanuni moja tu, kwamba anayefika kwa mirusho michache ndiye bora. Mchezaji anabeba visahani vya plastiki, kila kimoja upana wa sentimita 21 hivi na uzito usiozidi gramu 180, ukingo umechongwa ili ukate hewa. Pasipo shimo la ardhini kuna kikapu, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Kisahani kikiigonga kinaishiwa nguvu na kudondoka ndani. Vituo kwa kawaida ni 18, na viwanja vingi ni vya umma, havina kiingilio. Jioni za kiangazi, jua la kaskazini likichelewa kuzama hadi saa tatu na nusu usiku, utamkuta fundi bomba, mwanafunzi wa chuo kikuu, nesi aliyetoka zamu na babu mwenye goti bovu katika kundi moja, kila mmoja na begi lake begani, wanatembea huku wakitaniana. Hakuna jukwaa wala mwamuzi. Mtu anajihesabia mwenyewe mirusho yake, na wenzake wanamwamini.

Lakini mchezo huu hauelezeki pale bila kuueleza ubapa wa nchi ile. Grand Forks imekaa juu ya sakafu ya ziwa lililokufa. Maelfu ya miaka iliyopita, barafu kuu ya kaskazini ilipokuwa ikiyeyuka, maji yake yalikwama yakafanya ziwa ambalo wanajiolojia wameliita Agassiz, ziwa ambalo Victoria yetu ingeingia humo mara kadhaa na nafasi ikabaki. Lilipotoweka liliacha udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito, wenye rutuba, uliolala sawasawa hadi upeo wa macho. Leo ni nchi ya ngano na viazisukari. Ukiwa barabarani unaona ghala la nafaka la mji unaofuata muda mrefu kabla hujaufikia mji wenyewe. Katikati ya ubapa huo unapita Red River, mto unaoshuka sentimita chache tu kwa kila kilomita, ndiyo maana unajikunjakunja kana kwamba umesahau unakokwenda. Tena unaelekea kaskazini, na hapo ndipo penye mkasa. Majira ya kuchipua huanzia kusini. Theluji ya huko huyeyuka kwanza, na maji yake hushuka kwenda kukutana na barafu ambayo bado haijaachia. Maji hufuata mkondo, na mkondo ukizibwa, nchi bapa haina bonde la kuyashika. Yanatandaa tu. Mafuriko ya milimani huja kwa kishindo na kuondoka na kishindo chake. Ya huku huja taratibu, watu wakiyatazama, na yakishafika hukaa.

Majira ya baridi ya mwaka 1996 kuingia 1997 yaliuletea mji dhoruba nane za theluji, ya mwisho ikiwa Aprili, wakati watu walishaanza kuyasahau makoti. Watabiri wa serikali walisema mto ungepanda hadi futi 49, yaani mita 15 kasoro kidogo. Watu wakajaza mchanga kwenye magunia usiku na mchana, watoto wa shule na maprofesa pamoja, wakayapandisha matuta hadi futi 52 ili wawe na akiba. Mto ukafika futi 54.35, zaidi ya mita 16 na nusu. Tuta la Lincoln Drive, mtaa wa bondeni kabisa, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoachia kwanza, alfajiri ya Aprili 18. Karibu mji mzima, watu wapatao 50,000, ukahama. Kesho yake moto ukazuka katikati ya mji, na wazima moto, wakiwa wamesimama ndani ya maji, wakakosa maji ya kuuzimia. Majengo 11 yakateketea huku mafuriko yakiwa yamefunika ngazi zake. Tunasema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Watu hawa walikuwa wameyafika. Mji wao ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja kando ya mto, wanaupima kila mwaka, wanaandika vipimo na kuvihifadhi, na bado wingi wa maji uliwapita.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko maji. Wahandisi wa jeshi la Marekani walichora mstari wa matuta mapya, na mstari haukuweza kupita ukingoni, kwa sababu udongo ule wa ziwa ukibebeshwa uzito karibu na mto huteleza na kuporomokea humo. Ilibidi urudi nyuma, upite kati ya nyumba na nyumba, kati ya jirani na jirani. Aliyeangukia ndani akabaki. Aliyeangukia upande wa mto nyumba yake ikanunuliwa na kubomolewa. Mtaa wa Lincoln Drive ulikwenda wote. Matuta na kuta viligharimu zaidi ya dola milioni 400 na kuchukua takriban miaka kumi, na kati ya tuta la Grand Forks na lile la East Grand Forks, ng'ambo, zikabaki karibu hekta 900 ambazo miji hii miwili imezisalimisha. Wameziita Greenway. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na ni rahisi kuyarudia maneno hayo ukiwa si wewe unayepisha. Mwenye nyumba alilipwa. Mpangaji wa chumba hana nyumba ya kuuza. Wapo waliokuwa tayari kuyasubiri mafuriko mengine kuliko kuiacha sebule walimolelewa, na hasira yao haikuwa ujinga. Pat Owens, meya aliyeusimamia uhamaji ule na kusifiwa nchi nzima kwa ujasiri wake, alishindwa uchaguzi mwaka 2000. Sitasema ni mstari pekee uliomwangusha. Nasema tu kwamba mtu anayewaambia wenzake mahali maji yanapoishia haondoki na shukrani.

Ardhi ikishasalimishwa, apewe nani? Hapo ndipo fikra zangu zinapokwama kwa muda mrefu, maana swali hilo ni la kila mji uliojengwa mahali pa chini, na ipo miji mingi ya namna hiyo. Mto ndio mwenye ardhi. Tukilikubali hilo, kila kinachowekwa kwenye uwanda wake ni mpangaji, na wapangaji hawafanani. Nyumba ni mpangaji mbaya. Huja na jokofu, magodoro, vyeti vya shule na picha za harusi, kisha humtaka mwenye ardhi asiingie. Kiwanda ni kibaya zaidi, kwa sababu mwenye ardhi akiingia hutoka na sumu. Barabara hudai ukarabati kila mwaka. Gofu ya visahani, kati ya wote niliowaona, ndiyo inayojua kukaa. Mlingoti wa kikapu haukuzikwa ardhini. Umechomekwa ndani ya bomba fupi lililojengewa saruji, ukafungwa kwa kufuli. Fungua kufuli, nyanyua, pakia kwenye gari, na mwezi wa Aprili uwanja ni wa mto. Na kama hakuna aliyewahi kukinyanyua, kikapu kitasimama chini ya maji kikapitiwa na magogo na samaki, kisha kitatokeza tena, kimechafuka, kimepinda labda, lakini kikapu bado. Pale pa kurushia ni bamba la saruji tupu. Tope likikauka linaparuliwa kwa koleo. Mafuriko makubwa ya 2009 na 2011 yaliizamisha Greenway, na nyuma ya matuta watu wakalala vitandani mwao. Mpangaji alifungasha, akasubiri, akarudi bila deni.

Na tabia hii ya mchezo si ya Grand Forks peke yake. Inaonekana tangu kuzaliwa kwake. Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vitu vya kuchezea ya Wham-O, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, La Cañada Flintridge, California. Mwanzoni hakukuwa na vikapu, kulikuwa na milingoti mitupu, na watu wakawa wanabishana kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Minyororo ilibuniwa kumaliza ubishi huo, na sauti yake ndiyo ushahidi. Bustani ile iko wapi? Iko nyuma ya bwawa la Devil's Gate, lililojengwa mwaka 1920 kuzuia mafuriko, ndani kabisa ya eneo ambalo maji huachiwa yajae mvua ikizidi. Siku hizi inaitwa Hahamongna. Sidhani kama Headrick alikuwa akitafakari juu ya miji na mito; nadhani alitafuta mahali ambapo hapana anayemfukuza. Lakini ndivyo michezo ya watu wasio na fedha inavyopata ardhi duniani kote. Inaingia pale ambapo hakuna mwingine anayethubutu kuweka msingi, na kwa namna hiyo, bila kukusudia, inaifahamu ardhi vizuri kuliko wenye hati.

Nchi isiyo na kilima humpa shida mtengeneza uwanja. Kwingineko angetumia mteremko, bonde, jabali, kumfikirisha mchezaji. Lincoln Drive hakuna kitu cha kupanda isipokuwa tuta lenyewe, kilima pekee cha mji, kilichotengenezwa kwa woga. Kinachobaki ni miti na upepo. Upepo wa nyanda zile hauna kizuizi, na kisahani kina uso wa kutosha kuukamata. Mrusho uliokuwa mzuri jana leo utaangukia vichakani. Mchezaji mwenye uzoefu hung'oa majani machache, huyaachia hewani kuyatazama yanaelekea wapi, kisha hubadilisha kisahani. Miti nayo ni habari nyingine. Ile mikubwa, mialoni na mipopla, mingine ilianza maisha yake kama miti ya uani. Kuna mtu aliipanda ili iweke kivuli dirishani, akaifungia bembea, akaiegeshea baiskeli. Leo nyumba haipo, dirisha halipo, na miti miwili iliyokuwa imeibana njia ya kuingilia gari sasa inabana njia ya kisahani. Kijana ambaye mwaka 1997 hakuwa amezaliwa anasimama, anapima pengo lililo kati yake, na kulaani.

Je, hii si dharau? Nimewahi kuulizwa hivyo, na mwanzoni sikuwa na jibu. Watu walipoteza nyumba hapa. Wengine walipoteza na ndoa na akili. Pengine ingefaa kuzungushia uzio, kuandika majina, kuondoka kwa heshima. Mji umefanya na hilo pia: katikati yake kuna mnara wa mawe unaoonyesha vimo vya mafuriko ya miaka mbalimbali, cha 1997 kikiwa juu ya vyote. Ni mnara mzuri. Mtu huutazama, hunyoosha shingo, huguna, hupiga picha, na akishaondoka mara nyingi harudi. Ukumbusho wa jiwe humtaka mtu afike mara moja. Mchezo humtaka afike kila wiki. Anayecheza Lincoln Drive anajua kwa miguu yake mahali maji yanapotuama baada ya mvua ndogo, anajua ukingo umekatika hatua ngapi tangu mwaka jana, anajua mstari wa takataka kwenye magome ya miti unafika wapi, na akitoka hapo akasikia kwenye redio kwamba mto unapanda, hahitaji kuelezwa maana yake. Kumbukumbu ya mafuriko hufa haraka kuliko tunavyodhani. Miaka ishirini ya ukame inatosha kuzaa diwani atakayesema bonde lile ni ardhi iliyokaa bure. Asiyekuwapo na lake halipo, na mto, wakati wa kiangazi, haupo. Kwa hiyo nawapendelea wachezaji kuliko mnara. Wao ni mashahidi wanaohudhuria.

Sitaki hata hivyo kuwapaka mafuta. Gofu ya visahani ni mchezo wa plastiki kando ya maji, na visahani vingi huzama. Kila mtu mwenye begi ana kisahani chake kilicho chini ya Red River, na wengi wana zaidi ya kimoja. Miti iliyo karibu na vikapu ina makovu ya kugongwagongwa, na udongo unaokanyagwa kila siku unakuwa mgumu hadi majani yanakataa kuota. Mpangaji mwema si malaika. Lakini katika kupoteza huko kuna desturi inayonipendeza. Upande wa chini wa kila kisahani mwenyewe huandika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Anayekiokota anatarajiwa kupiga. Hapana sheria ya kumlazimisha, na kisahani kizuri kina bei, lakini wengi hupiga. Ukiwaona kiangazi mto ukiwa chini, wamekunja suruali, wanapapasa tope kwa nyayo, usidhani kila mmoja anatafuta chake. Kisahani kilichopotelea juu ya mto mwaka huu kinaweza kuibuliwa mbali huko chini mwaka mwingine, na mtu akapokea simu kutoka kwa asiyemjua akimwambia kwamba mali yake ipo. Nchi ambayo mto unachukua vitu vya watu kila kizazi imezoea kuandika majina upande wa chini.

Baridi nayo haiwafukuzi. Mto ukiganda na hewa kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, wanakuja na glavu na chai kwenye chupa, na kila kisahani wamekibandikia utepe mrefu wa rangi kwa gundi ya karatasi. Kisahani kikizama ndani ya theluji laini, utepe unabaki juu. Nikimtazama mtu anayevuta utepe huo kutoka kwenye weupe mtupu, namwelewa Headrick, ambaye alipofariki mwaka 2002 aliacha wosia kwamba majivu yake yachanganywe na plastiki na kutengenezwa visahani. Wosia ukatekelezwa. Kwetu jambo hilo litaleta mtafaruku, na mimi mwenyewe mwili unanisisimka. Maiti ina haki zake. Lakini naona alichokusudia. Alitaka kuendelea kurushwa na, bila shaka, kupotea na kuokotwa. Mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza kitu kinachoruka kwa sababu tu kinazunguka asingependa kulala tuli.

Nikiwa huko, bonde la Msimbazi halikunitoka akilini. Dar es Salaam haina theluji, na mto wake haukutani na barafu, lakini Jangwani, ndani ya bonde hilo, ni uwanda wa maji vilevile, na kila mkazi wa jiji anajua. Desemba 2011 mvua ilishuka, watu zaidi ya 40 wakafa, maelfu wakakosa makazi, na baadhi wakapelekwa Mabwepande kuanza upya mbali na kazi zao. Sisi pia tumewahi kuweka wapangaji wasiofaa pale. Tulijenga karakana ya mabasi yaendayo kasi, na mvua zikaja kuyakuta mabasi humo. Mpangaji aliyefaa alikuwepo muda wote, hakuna aliyemtambua: mpira. Vijana wa Jangwani wamecheza kwenye vumbi lile na kwenye tope lile tangu babu zao, na Yanga wenyewe, klabu kubwa kama ile, wana kiwanja chao cha Kaunda hapohapo, kiwanja ambacho kimemezwa na maji mara nyingi hadi kimekuwa mzaha kwa watani wao. Mzaha una ukweli usiopendeza kwa upande wowote. Kiwanja cha mpira kikifurika, timu inahamia kwingine kwa mazoezi. Nyumba ikifurika usiku, mama anambeba mtoto begani na kumtafuta mwingine gizani.

Tofauti kati ya Grand Forks na Dar es Salaam si mvua wala mto. Ni kwamba kule bonde lilipewa mchezo baada ya wakazi kulipwa na kuhamia nyuma ya tuta; huku mara nyingi mchezo na wakazi wako pamoja bondeni, kwa sababu ardhi ya chini ndiyo pekee iliyokuwa na bei ya chini. Mwenye kipato haishi kwenye mkondo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maskini hujitakia mafuriko. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ndiyo, lakini yupo aliyezivua kwa hiari na yupo aliyevuliwa. Wanaofika na tingatinga asubuhi kubomoa bila kuuliza mtu atalala wapi wamejifunza nusu tu ya somo, ile nusu isiyogharimu fedha. Nairobi ililiona hilo mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, kando ya mto Mathare.

Sasa upo mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo mwaka 2022, na ndani yake imo bustani kubwa ya jiji pale chini, pamoja na daraja la Jangwani litakaloinua barabara juu ya maji. Nimeyatazama mawazo hayo kwa matumaini na kwa jicho la pembeni. Bustani za kwenye michoro huwa na watu wachache, weupe wa nguo, wanaotembea polepole; huwa hazina kijana anayekimbiza mpira wa makaratasi. Wanaoichora wangefanya vema kukaa Jangwani jioni moja kabla ya kunoa penseli, wahesabu ni timu ngapi zinagawana uwanja mmoja, wamuulize yule muuza maji ya viroba kila mvua huishia wapi. Wawalipe kwanza wanaoondoka, walipe inavyostahili, na wawapeleke mahali penye daladala na shule. Kisha, wakishafika kwenye ile sehemu ya chini kabisa, iliyo na tope na isiyofaa kwa msingi wowote, wasiiachie wafanyabiashara wa maghala na wasiizungushie uzio wa maua. Waiachie michezo, ya mpira na mingine yoyote ambayo vijana wataileta, na magoli wayatengeneze ya kung'oleka.